Saa ya kompyuta inarudi nyuma saa tatu kamili, na umeme ukikatika inarudi mwaka 2012. Tatizo ni nini?

#1 Mwana Chumbageni
Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada, hili jambo limenisumbua wiki ya tatu sasa.

Nina kompyuta ya mezani, mtumba, ina Windows 10. Kazi yake kubwa ni hesabu za chama chetu cha kuzikana hapa mtaani Tanga, mimi ndiye katibu. Anayeleta mchango namwandika, na faili linaweka tarehe na saa lenyewe. Sasa saa ya kompyuta haieleweki. Siku nyingine naikuta sawa. Siku nyingine iko nyuma saa tatu kamili, si zaidi wala pungufu: jana saa mbili usiku yenyewe inaonyesha 17:00. Umeme ukikatika ndiyo inarudi 1 Januari 2012, na kivinjari kinakataa kufungua karibu kila tovuti.

Mwezi huu mama mmoja alileta mchango wake mapema kabisa. Faili likamwandika 2012, orodha inajipanga kwa tarehe, jina lake likapanda juu kabisa mahali nisipotazama. Nikamsoma kikaoni kuwa hajalipa, mbele ya watu. Nimemwomba radhi, lakini lile neno lilishatoka.

Nimerekebisha saa kwa mkono mara zisizo na idadi. Je, ni kirusi? Bodi imeharibika? Naomba kuwasilisha.

#2 Kitasa Kikuu
Betri ya BIOS, ile programu ya kwenye bodi inayoamsha kompyuta, imekufa. Namba yake CR2032, fundi saa yeyote anayo. Badilisha ulale.

#3 Bi Nunge
Kabla hatujaenda mbali: saa mbili usiku ya kwetu ni 20:00, kwa hiyo yuko nyuma saa tatu kweli. Mimi nilisoma mara mbili ndipo nikaelewa. Naomba humu saa za kompyuta tuziandike kwa tarakimu, 20:00 au 17:00, la sivyo kufika kesho tutakuwa tunazungumza saa nne tofauti.

#4 Mwana Chumbageni
Sawa dada Nunge. Saa ya kweli 20:00, kompyuta 17:00.

#5 Fundi Bodi
Kitasa umejibu nusu. Hapa naona maradhi mawili kwa mgonjwa mmoja.

La 2012 ni betri, sina shaka nalo. Kwenye bodi kuna saa ndogo inayotembea hata kompyuta ikiwa imezimwa. Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa na swichi ya ukutani iko juu, pawa saplai inaendelea kutoa volti 5 za kusubiri, saa inakula hapo na betri inapumzika. Ndiyo maana betri inaweza kufa usijue mwaka mzima. Siku umeme unapokatika, saa inakosa pa kula, BIOS inarudi kwenye tarehe yake ya mwanzo. Mwana Chumbageni, wewe usiku unazima ukutani?

Ila saa tatu kamili? Betri inayokata roho haijui kuhesabu saa tatu kamili. Hilo litafute kwenye mipangilio. Fungua sehemu ya saa za eneo, utuambie pameandikwa nini.

#6 Mwana Chumbageni
Siku nyingine nazima ukutani mkuu, naogopa radi na umeme unaorudi kwa nguvu. Saa za eneo zinasema (UTC+03:00) Nairobi, yaani saa tatu mbele ya UTC, ile saa ya pamoja ya dunia.

#7 Kitasa Kikuu
Basi saa za eneo ziko sawa. Narudi kwenye betri. Betri dhaifu inaweza kusimamisha saa usiku ikaendelea asubuhi umeme ukiwaka. Unazima 23:00, inasimama, unawasha, iko nyuma. Nimeliona kwa macho yangu.

#8 Fundi Bodi
Ikisimama usiku mzima itakuwa nyuma saa saba, nane, kulingana na ulivyolala. Leo saba na robo, kesho sita na dakika kumi. Yeye anasema tatu kamili kila mara.

#9 Mtaa wa Luthuli
Wadau, msikimbilie kufungua kasha. Mimi niko Nairobi, yangu ilikuwa inahama na sikuwa na shida yoyote ya betri. Nilikuwa nimeacha Windows ichague saa za eneo yenyewe, na huku nikifanya kazi kwa VPN ya Ujerumani, yaani intaneti yangu inapitia huko kwanza. Yenyewe inakisia uko wapi, inakuta Ujerumani, inakupa saa ya huko. Miezi ya baridi nilikuwa nyuma saa mbili, wao wakisogeza saa mbele inakuwa moja. Nilizima kujichagulia nikaweka Nairobi kwa mkono, ikatulia hadi leo. Mwangalie kama ile swichi imewashwa.

#10 Mtoto wa Mwanga
Kwangu ilikuwa Cairo! Aliyeniwekea Windows alichagua Cairo, na alifanya hivyo mwezi wa sita, saa ikawa sawasawa na ya ukutani. Misri walirudisha utaratibu wa kusogeza saa mwaka 2023: kuanzia mwisho wa Aprili wanakuwa UTC+3 kama sisi, mwisho wa Oktoba wanarudi UTC+2. Kwa hiyo niliishi vizuri miezi kadhaa, kisha usiku mmoja kompyuta ikarudi nyuma saa moja bila kuguswa na mtu. Nilibadilisha betri bure.

#11 Kitasa Kikuu
Hiyo ya Cairo imenifurahisha. Lakini ni saa moja, si tatu.

#12 Jembe la Uyole
Natia nanga. Yangu pia inasumbua ila iko mbele.

#13 Babu Seva
Ndugu mleta mada, mnazunguka sana. Windows ina huduma yake ya kuuliza saa kwenye intaneti, jina lake w32time. Ikilala, saa inabaki ilivyo. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

net start w32time
w32tm /resync

Ukiwa umeunganishwa intaneti, ndani ya sekunde chache itakaa sawa. Kirusi sahau, kirusi cha siku hizi kina shughuli kubwa zaidi ya saa yako.

#14 Mwana Chumbageni
Babu Seva nimefanya. Umeme ulikatika mchana, kwa hiyo nilikuwa kwenye 2012 nilipojaribu. Nimeunganisha na simu. Jibu lililotoka ni kwamba haikulinganisha kwa sababu badiliko linalohitajika ni kubwa mno. Nikaweka tarehe ya leo kwa mkono, nikarudia amri, ikakubali.

#15 Babu Seva
Hapo ndipo penyewe. Kwa kompyuta isiyo chini ya mtandao wa ofisi, huduma ile ina mpaka wa sekunde 54,000, yaani saa 15. Saa ikipotea zaidi ya hapo inakataa kuigusa, inahofia kudanganywa na sava mbovu. Toka 2012 hadi leo ni miaka, haiwezi. Kwa hiyo umeme ukikatika lazima wewe uisogeze kwa mkono kwanza. Na tovuti zinakukatalia kwa sababu kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mbele ya kompyuta iliyo 2012 vyeti vyote vya leo havijazaliwa.

#16 Mkwezi
Kuna jingine halijatajwa. Windows 10 ina kipengele kinachokisia saa kutokana na mazungumzo yake na tovuti salama. Mwaka 2023 wasimamizi wa sava walilalamika hadharani kwamba kinarusha tarehe wiki kadhaa mbele. Kinazimwa kwenye rejistri, lile daftari la mipangilio ya ndani ya Windows, thamani ya UtilizeSslTimeData ikiwekwa 0. Mimi nimekizima kwenye mashine zangu zote.

#17 Babu Seva
Hicho kinaruka ovyo, Mkwezi, hakirudi saa tatu kamili. Lakini sikatai, nacho kipo.

#18 Maskati Yetu
Assalaam aleikum. Mie niko Maskati. Nimeusoma uzi wote kwa sababu laptopu yangu ina ugonjwa huu huu, ila kwangu ni saa nne kamili nyuma. Nimebadilisha betri, nimetazama saa za eneo, zote sawa.

#19 Kivu Bila Mawimbi
Mimi niko Goma, wapendwa. Kwangu ni masaa mawili kamili. Si tatu, si ine. Mawili. Nilifikiri ni mimi peke yangu.

#20 Bi Nunge
Subirini kidogo, msibandike jibu jingine. Tanga saa tatu, Maskati saa nne, Goma saa mbili. Tanga ni UTC+3, Oman ni UTC+4, Goma ni UTC+2. Kila mmoja amerudi nyuma kwa kiasi kilekile anachoizidi UTC! Kompyuta zenu zote tatu zinaonyesha saa moja, ile ya UTC.

Naomba wote watatu mnijibu: kwenye kompyuta hiyo kuna mfumo mwingine zaidi ya Windows?

#21 Maskati Yetu
Ipo Ubuntu, aina ya Linux. Naitumia kwa masomo, Windows kwa mambo ya ofisi.

#22 Mwana Chumbageni
Dada Nunge umenifumbua. Mpwa wangu alikuja likizo akaniomba aweke Linux Mint pembeni ili ajifunze. Nikiwasha inauliza niingie wapi. Sikuitaja kwa sababu siigusi, yeye akija Ijumaa na Jumamosi ndiye anayeitumia. Na sasa nikikumbuka, saa huwa mbovu Jumapili.

#23 Kivu Bila Mawimbi
Mimi sina Linux. Windows tu, peke yake.

#24 Kitasa Kikuu
Goma kaharibu hesabu ya Bi Nunge.

#25 Ngwini wa Mikocheni
Nimekaa kimya nikisubiri tufike hapa. Bi Nunge pokea heshima zako.

Saa ile ya kwenye bodi ni namba tu. Haijui iko Tanga au Tokyo, haina saa za eneo. Kompyuta ya IBM ya 1981 haikuwa nayo kabisa, ukiwasha mfumo unakuuliza tarehe na saa, unaandika mwenyewe. Mwaka 1984 ikaja IBM PC AT yenye chipu ya saa ya Motorola, MC146818, na betri yake. Watu wakaandika humo saa ya ukutani, ndiyo iliyokuwa rahisi. Windows ikarithi hivyo na haijaacha: ikisoma 17:00 kwenye bodi, inaamini ni 17:00 ya hapa.

Linux imekulia kwenye ukoo wa Unix, ambako saa ya ndani ni UTC na saa ya mahali ni hesabu ya kuongeza mbele ya mtumiaji. Mpwa akiingia Mint Ijumaa, Mint inapata saa sahihi kwenye intaneti, na mara kwa mara inaiandika kwenye bodi kama UTC. Wewe Jumapili unaingia Windows, inaisoma ile UTC ikidhani ni saa ya Tanga. Umerudi nyuma saa tatu. Ukiwa na intaneti Windows itajirekebisha baadaye, na itaandika saa ya Tanga kwenye bodi. Mpwa akirudi, Mint yake itakuwa mbele saa tatu hadi nayo ijirekebishe. Muulize, atakuambia.

Hakuna aliyekosea hapo. Ni watu wawili wanaosoma daftari moja, kila mmoja kwa desturi ya kwao.

Dawa ni kumfanya mmoja akubali desturi ya mwenzake. Ama ndani ya Mint:

timedatectl set-local-rtc 1

Ama ndani ya Windows, kwenye rejistri, HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation, unaongeza RealTimeIsUniversal ya aina ya DWORD yenye thamani 1.

#26 Mkwezi
Kwenye Windows ya biti 64 weka QWORD. DWORD mimi ilinigomea.

#27 Ngwini wa Mikocheni
Kwangu DWORD inafanya kazi kwenye biti 64 hiyohiyo. Ajaribu DWORD kwanza.

#28 Babu Seva
Mimi nasema abadilishe Windows, aiache Linux na UTC yake. timedatectl yenyewe ukiipa amri ile inakuonya kwamba kuweka saa ya mahali kwenye bodi kunaleta matatizo saa zikisogezwa.

#29 Ngwini wa Mikocheni
Onyo hilo ni la wanaosogeza saa mara mbili kwa mwaka. Sisi hatusogezi, wala Oman, wala Goma. Kwa Tanga ile hatari inayosemwa haina mlango wa kuingilia. Na mtu anayetunza hesabu za watu simshauri aguse rejistri kama kuna njia nyingine.

#30 Babu Seva
Hatusogezi leo. Zamani za ukoloni saa ya Nairobi iliwahi kuwa mbele ya UTC kwa saa 2 na dakika 45, si 3. Imo mpaka leo kwenye kumbukumbu za saa za eneo za Linux, fungua Africa/Nairobi uone. Serikali ikiamua, inabadilika.

#31 Ngwini wa Mikocheni
Serikali ikiamua nitamwandikia amri nyingine.

#32 Fundi Bodi
Wazee mnaonyeshana ubingwa na mgonjwa bado ana betri mfu. Mwana Chumbageni, sikiliza kabla hujafungua kasha.

Betri ikitolewa BIOS inasahau kila kitu, si saa tu. Ingia kwanza, piga picha kila ukurasa kwa simu. Ukurasa wa muhimu ni ule wa namna diski inavyosomwa, kama ni AHCI au vingine. Ikirudi kwa njia tofauti na iliyokuwepo, Windows itakupa skrini ya buluu, utadhani umeua diski, na hujaua kitu. Pili, kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, kuvuruga BIOS kunaweza kuifanya idai ufunguo wake wa tarakimu 48. Uwe nao mkononi kabla. Nimewahi kuletewa mashine ya mwalimu ambaye alibadilisha betri vizuri kabisa, bila kujua kuna ufunguo. Kazi zake za miaka mitano zilikuwa mle na hatukuzipata. Sitaki kumwona mwingine kwenye hali ile.

Tatu, chomoa waya wa umeme. Si kuzima tu. Chomoa.

#33 Mtoto wa Mwanga
Na hakikisha ni CR2032. Mimi niliuziwa CR2025, ukitazama kwa juu zinafanana, zote zina upana wa milimita 20. Namba mbili za mwisho ndizo unene: 2032 ni milimita 3.2, 2025 ni 2.5. Ilikaa kwenye kitako lakini haikugusa vizuri, saa ikawa inakumbuka na kusahau.

#34 Jembe la Uyole
Kwenye laptopu je? Nimefungua sikuiona.

#35 Fundi Bodi
Jembe, nyingine imefungwa kwenye plastiki nyeusi ina nyaya mbili na plagi ndogo. Nyingine imechomelewa kwenye bodi. Na nyingi mpya hazina kabisa, saa inakula kwenye betri kubwa. Usichimbe.

#36 Bi Nunge
Wakati tunamsubiri mleta mada, niwape kisa cha baba yangu. Ana miaka sabini na kitu, alikuwa karani bandarini. Nilimnunulia laptopu ya kuandikia barua. Kila nikienda nakuta saa imekosewa, narekebisha, nikirudi imekosewa tena. Siku moja nikamkalia. Kumbe aliingia kwenye orodha ya saa za eneo, akashuka moja moja mpaka akapata inayosoma kama saa yake ya mkononi. Amechagua Buenos Aires!

Nikapiga hesabu, nikanyamaza. Buenos Aires ni UTC-3. Saa 08:00 ya hapa kwao ni 02:00. Saa mbili asubuhi. Saa 13:00 ya hapa kwao ni 07:00, saa saba mchana. Mzee amepata saa ya Kiswahili kwenye Windows, na UTC ya ndani haijaguswa, tovuti zote zinafunguka. Nimemwachia.

#37 Maskati Yetu
Mzee huyo namvulia kofia. Ila tarehe itamsumbua. Kompyuta yake inageuza siku alfajiri, saa 06:00 ya hapo. Kwa hesabu yetu ya pwani siku inaanza magharibi, usiku wa Ijumaa ndio ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Hapo hajapata ya Kizungu wala ya kwetu.

#38 Bi Nunge
Ni kweli. Barua anazoandika baada ya saa sita usiku zina tarehe ya jana. Nilimwambia, akanijibu kwamba mtu anayeandika barua saa nane za usiku bado yuko jana yake mpaka alale.

#39 Mtaa wa Luthuli
Ningependa sana kuona hiyo iwekwe rasmi. Lugha yetu imo kwenye simu na kompyuta, lakini nikichagua Kiswahili saa inabaki ileile ya Kizungu, ya kuhesabu toka usiku wa manane. Bibi yangu anasoma 7 anaita saa saba.

#40 Mwana Chumbageni
Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya.

Betri: nimepima, volti 1.9. Nimeweka CR2032 mpya, nimepiga picha BIOS kwanza kama Fundi alivyoelekeza. Diski haina BitLocker. Nimezima ukutani usiku tatu mfululizo, mwaka haujarudi tena.

Lakini lile la saa tatu limenigeuka. Nilimpigia mpwa, akaandika ile amri ya Ngwini kwenye Mint. Mimi huku nikaweka ile ya rejistri kwenye Windows ili mambo yakae imara pande zote. Sasa Windows iko MBELE saa tatu. Ilikuwa 20:00, inaonyesha 23:00.

#41 Ngwini wa Mikocheni
Ndugu yangu, umekunywa dawa zote mbili. Nilisema ama hii ama ile. Sasa Mint inaandika saa ya Tanga kwenye bodi, na Windows inaisoma ikidhani ni UTC, inaongeza tatu. Mmebadilishana desturi, kila mmoja kahamia kwa mwenzake. Futa ile ya rejistri, washa upya.

#42 Babu Seva
Au acha ya rejistri, na Mint irudishwe kwa timedatectl set-local-rtc 0. Ndilo chaguo langu.

#43 Ngwini wa Mikocheni
Babu Seva, mwache apumzike.

#44 Jembe la Uyole
Ngoja. Mbele saa tatu? Ndiyo yangu hiyo hasa. Na mimi ninayo Linux, ndiyo ninayoitumia kila siku. Kumbe nilikuwa naitazama kutoka upande wa pili. Ahsanteni.

#45 Mwana Chumbageni
Nimefuta ya rejistri. Wiki mbili sasa. Mpwa amekuja mara mbili, Jumapili saa iko sawa. Ila nimezima intaneti makusudi wiki nzima nione, na iko nyuma kama nusu dakika. Ndiyo betri tena?

#46 Fundi Bodi
Hapana, hiyo ni saa yenyewe. Inatembea kwa kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na joto linakibadilisha mwendo. Kupoteza sekunde moja au mbili kwa siku ni kawaida, na ndani ya kasha lenye joto inazidi.

#47 Kitasa Kikuu
Au vumbi. Au ile betri mpya ni feki. Nusu dakika kwa wiki mimi nisingeikubali.

#48 Mkwezi
Mimi bado nasema azime UtilizeSslTimeData.

#49 Mtoto wa Mwanga
Na ule mchango wa yule mama?

#50 Mwana Chumbageni
Ahsante kwa kuuliza. Nimeongeza safu ya pili kwenye faili, tarehe naiandika mwenyewe kwa mkono mbele ya anayelipa, na anaiona. Kikao kilichofuata nilianza na jina lake, nikasoma tarehe yake sahihi, nikasema kosa lilikuwa la kompyuta na langu mimi katibu. Alisimama akasema yameisha.

#51 Kivu Bila Mawimbi
Ninafurahi kwa ajili ya Mwana Chumbageni. Lakini mimi je? Ningali na masaa mawili nyuma, na sina Linux. Saa za eneo zangu ni Harare, Pretoria, UTC+2, ni sawa na Goma. Leo asubuhi niliingia BIOS kabla Windows haijawaka: saa yenyewe ya bodi ilikuwa 06:10 na hapa ni 08:10. Nikairekebisha. Jioni tena nyuma.

#52 Bi Nunge
Kwa hiyo bodi yako inaandikiwa UTC na kitu fulani. Kuna mtu anaiwasha kwa flashi? Flashi nyingi za mafundi za kusafisha virusi ni Linux ndani, hata kama haziandiki jina hilo.

#53 Kivu Bila Mawimbi
Hakuna. Ninaishi na mke na mtoto wa miaka miwili.

#54 Mtaa wa Luthuli
Ulichagua Harare mwenyewe, au Windows inajichagulia? Kama inajichagulia, mchana inaweza kuhamia UTC na kurudi, wewe unaikuta imesharudi.

#55 Babu Seva
Mimi ningeangalia inauliza saa wapi. Andika w32tm /query /source utuwekee hapa.

#56 Fundi Bodi
Fanya hivi kwanza. Zima intaneti yote, chomoa na waya wa mtandao. Rekebisha saa ndani ya BIOS, iache mashine kwenye BIOS hapohapo bila kuingia Windows, saa mbili nzima. Ikibaki sawa, mkosaji yuko ndani ya Windows. Ikirudi nyuma ukiwa BIOS, ni bodi, na hapo nitakuuliza mengine.

#57 Kivu Bila Mawimbi
Nimeiacha kwenye BIOS tangu 18:00. Sasa ni 19:25 na yenyewe inasema 19:25. Nitaandika tena 20:00 kama umeme haujaenda.